Mweka hazina asiye na dini, na aya zinazofunga mjadala

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni katibu wa kikoba huku Mbagala, tupo wanachama ishirini na wanane, Waislamu kwa Wakristo. Tunachagua mweka hazina mpya. Kijana tunayemwona anafaa ametuambia wazi kwamba haendi msikitini wala kanisani, na wala haamini. Mama mmoja mlokole akasimama akasema asiyemwogopa Mungu hashiki fedha za watu, akasoma Zaburi: "Mpumbavu amesema moyoni, Hakuna Mungu." Hapo hapo ustadhi mmoja akafufua suala la riba, kwamba faida tunayotoza kwenye mikopo ni haramu, naye akasoma aya. Tangu hapo kikao kimepooza. Je, ni kweli bila dini mtu hawezi kuwa na maadili? Na sisi wa dini tofauti tujadiliane vipi ikiwa kila hoja inafungwa kwa aya?

Jibu: Marahaba, dada katibu. Nianze na sanduku lenu. Kama kikoba chenu kinaendeshwa kama vingi vya hapa mjini, lina kufuli tatu, funguo zinashikwa na wanachama watatu tofauti, na fedha zinahesabiwa kwa sauti mbele ya wote kabla halijafungwa. Utaratibu huo mnao hata mweka hazina anapokuwa mtu wa swala tano au wa mkesha kila Ijumaa, na hakuna anayeona kwamba mnamdharau. Mnajua tu kwamba mcha Mungu naye ana ada za watoto, ana mgonjwa nyumbani, na ipo siku shetani atampitia. Fedha za watu ishirini na wanane haziachwi zitegemee siku hiyo. Kwa hiyo nusu ya swali lako mlikwisha kulijibu wenyewe: hofu ya Mungu mnaiheshimu, lakini hamjawahi kuifanya ndiyo kufuli.

Sasa tuje kwa mama na Zaburi yake. Ni Zaburi ya 14, na aya aliyoisoma ndiyo ya kwanza. Angeendelea kidogo angefika aya ya 4, inayowataja hao waovu kuwa ni watu wanaowala watu wa Mungu kama walavyo mkate. Wafafanuzi wengi wa Biblia wanakubaliana kwamba mtunzi hakuwa akibishana na wanafalsafa wasioamini. Katika ulimwengu wake watu wa namna hiyo walikuwa nadra kuliko mvua ya Septemba. Alikuwa akimsema mtu anayeishi kana kwamba hakuna atakayemuuliza, anayenyonya wenzake huku akijiona salama. Mtu wa namna hiyo anaweza kuwa mzee wa kanisa. Anaweza kuwa na sijida usoni. Kipimo cha Zaburi hiyo kiko kwenye mkono wa mtu zaidi kuliko kwenye kadi yake ya usharika.

Na si Zaburi hiyo peke yake. Paulo katika Waraka kwa Warumi, sura ya 2, anasema watu wa mataifa wasio na torati hufanya kwa tabia yaliyomo katika torati, maana kazi yake imeandikwa mioyoni mwao. Kurani katika Surat Shams inaapa kwa nafsi na aliyeilinganisha, akaitia utambuzi wa uovu wake na wema wake. Nafsi kwa ujumla, bila kutaja ya Mwislamu peke yake. Surat Maun nayo inawaonya watu wanaoswali, ila wanajionyesha na kuwanyima wenzao hata misaada midogo. Vitabu vyote viwili, basi, vinakubali mambo mawili ambayo mama yetu aliyaruka: mtu wa nje ya dini anaweza kulijua jema, na mtu wa ndani anaweza kulikosa.

Wanazuoni wamelizungumza hili kwa kina kuliko tunavyolizungumza kwenye daladala. Plato, Mgiriki wa Athens wa karne ya 4 kabla ya Kristo, anamwonyesha mwalimu wake Socrates akiuliza: jema ni jema kwa sababu miungu inalipenda, au miungu inalipenda kwa sababu ni jema? Waislamu walilijadili swali la aina hiyo kwa ukali zaidi. Muutazila, kundi la wanazuoni waliochipuka Basra, Iraki, walisema akili inaweza kujua kwamba dhuluma ni mbaya hata kabla ya wahyi, yaani ufunuo wa Mungu. Ashaari, wafuasi wa Abul Hasan al-Ashari wa karne ya 10, walisema wema na ubaya wa kulipwa mbele ya Mungu hujulikana kwa sheria yake. Pwani yetu ni ya madhehebu ya Shafii, na kwa itikadi imefuata zaidi njia ya Ashaari, kwa hiyo ustadhi wenu akikwambia kwamba akili haitoshi, ana ukoo mrefu wa elimu nyuma yake. Hata hivyo Ashaari nao hawakukana kwamba asiyeamini anaweza kutunza amana. Walichobishania ni msingi wa wajibu na malipo ya Akhera. Nani ashike daftari la kikoba ni swali jingine, na huwa tunayachanganya.

Je, uzoefu unasemaje? Nitakupa tafiti mbili ambazo huwapa wanafunzi wangu kila mwaka, kwa sababu zinavutana. Ya kwanza ilifanywa na John Darley na Daniel Batson huko Princeton, Marekani, ikachapishwa mwaka 1973. Waliwachukua wanafunzi wa seminari ya uchungaji, wakawaambia waende jengo la jirani kutoa mada fupi, wengine wakipewa kuzungumzia Msamaria Mwema, yule wa mfano wa Yesu aliyemsaidia majeruhi njiani. Njiani walimweka mtu ameinama mlangoni anakohoa na kugumia. Kilichoamua nani asimame kilikuwa haraka: walioambiwa wana muda, asilimia 63 walisimama kusaidia, walioambiwa wamechelewa, ni asilimia 10. Kwenda kuhubiri juu ya Msamaria hakukuleta tofauti ya maana. Ya pili ilichapishwa mwaka 2015, na ilifanywa na Erik Duhaime katika maduka ya mji mkongwe wa Marrakech, Moroko. Wenye maduka waliopewa nafasi ya kuchagua kati ya fedha yao na sadaka walikuwa wakarimu zaidi adhana ilipokuwa inasikika kuliko nyakati nyingine za siku.

Mimi nazisoma hivi: dini ina nguvu ya kweli, lakini nguvu hiyo iko zaidi katika kukumbusha kuliko katika kumpiga mtu muhuri. Adhana ikilia mtu anakumbuka. Ikinyamaza, akiwa na haraka ya kuwahi mwendokasi Kimara, anakuwa kama sisi wengine. Ndiyo maana sikubaliani na vijana wa mjini wanaodhani dini ni mzigo wa kutua. Nani anakuja na turubai msiba ukitokea? Nani anajua jina la ajuza wa nyumba ya nyuma? Mara nyingi ni jumuiya ndogondogo ya Kikatoliki, ni kwaya, ni wanawake wa madrasa. Hospitali ya Aga Khan na ile ya Hindu Mandal hapa katikati ya jiji zilianzishwa na jumuiya za imani. Mtu asiye na dini anaweza kuwa mwema, ila mara nyingi anakuwa mwema peke yake, bila wa kumkumbusha wala wa kumkemea. Huo ndio upungufu ambao ningeuangalia kwa kijana wenu: je, ana watu wanaomuuliza? Ana mama, ana rafiki, ana mwajiri, ana deni alilowahi kulilipa kwa wakati? Mkimkuta hana yeyote, sababu ya kusita mnayo. Mkimkuta ni mtu wa watu, mna mweka hazina.

Kuhusu kumwapisha, msimlazimishe kushika kitabu asichokiamini. Kiapo cha namna hiyo kingekuwa uongo wa kwanza wa uongozi wake, na mngekuwa mmeuandaa ninyi. Sheria zetu za viapo zinamruhusu mtu asiye na dini kutoa tamko la kuthibitisha mbele ya mahakama badala ya kuapa, na akisema uongo adhabu ni ile ile. Kikoba kinaweza kufanya hivyo hivyo: atamke mbele ya wote, aandike, asaini. Mama mlokole mpeni ufunguo mmoja.

Nimelimaliza hilo haraka kwa sababu naona tatizo lenu kubwa ni la pili: aya ikisomwa, kikao kinapooza. Ninyi wa Mbagala hamhitaji kusimuliwa na mimi. Oktoba 2012 watoto wawili walibishana juu ya Kurani, mmoja akaikojolea, na kabla ya watu wazima kutulia makanisa yalikuwa yameshambuliwa na kuchomwa. Naamini ukimya wa kikao chenu una kumbukumbu hiyo ndani yake. Watu hawakunyamaza kwa kushawishika, walinyamaza wasije wakaonekana wanampinga Mungu wa jirani.

Katiba yetu ya mwaka 1977 ina ibara mbili zinazofaa kusomwa pamoja. Ibara ya 3 inasema nchi yetu haina dini. Ibara ya 19 inasema imani na ibada ni hiari ya mtu na uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Wengi wamechukulia kwamba maana yake ni dini ikae kimya. Mwalimu Nyerere, Mkatoliki wa misa ya asubuhi, hakuielewa hivyo. Mwaka 1970 alikwenda kwa masista wa Maryknoll, New York, akawaambia kwamba Kanisa lisiposhiriki katika kupinga mifumo inayowafukarisha watu litakosa maana kwa watu hao. Mtu huyo huyo ndiye aliyesisitiza serikali isiwe na dini. Hakuona mgongano, na mimi siuoni. Alichotaka ni dini iseme na wote, isitawale wote.

Namna ya kusema na wote tumeijaribu mara nyingi, kwa mafanikio tofauti. Agosti 2023 Baraza la Maaskofu Katoliki lilipotoa tamko juu ya makubaliano ya bandari na DP World, kampuni ya Dubai, hoja zake zilihusu vifungu vya makubaliano na maoni ya wananchi. Mtu asiye Mkatoliki angeweza kuzipima moja moja, akazikubali au akazikataa. Wapo waliofanya hivyo. Wapo pia waliouliza tu kwa nini ni maaskofu na kwa nini wawekezaji ni Waarabu, na mjadala ukahama kutoka bandarini kwenda kwenye dini za watu. Kumpima msemaji kwa rozari au kofia yake ni njia rahisi ya kukwepa hoja, na tunaipenda mno. Serikali nayo ina njia yake. Juni 2025 Msajili wa Jumuiya alifuta usajili wa kanisa la Ufufuo na Uzima la Askofu Josephat Gwajima baada ya mahubiri yake juu ya utekaji. Unaweza kumwona Gwajima ni mwanasiasa kwenye mimbari (na wakati huo alikuwa mbunge wa Kawe kweli), lakini utekaji ni jambo linalojibiwa kwa ushahidi, na kufunga milango ya ibada hakumjibu mtu.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa zamani: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kabla yake kila mtu alikuwa na ndoa yake na kanuni zake. Serikali ilitoa waraka wa mapendekezo mwaka 1969, watu wakabishana, masheikh na maaskofu wakiwa na malalamiko yao. Iliyotoka ni sheria isiyomridhisha mtu yeyote kikamilifu. Iliitambua ndoa ya Kiislamu, ya Kikristo, ya kimila na ya kiserikali chini ya paa moja. Kwenye talaka ikaweka hatua: wanandoa wapite kwanza kwenye baraza la usuluhishi. Na kama ndoa ilikuwa ya Kiislamu, baraza likathibitisha limeshindwa kuwapatanisha, na talaka ya kisheria ya Kiislamu ikawa imetolewa, basi mahakama itoe amri ya kuivunja. Dini haikufutwa, ila ilitakiwa ipite mahali ambapo mwanamke naye anasikilizwa. Sheria hiyo hiyo iliacha msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi. Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, alipokwenda mahakamani kulipinga hilo, serikali ilijitetea kwa kusema kifungu hicho kilizingatia mila na dini za watu. Mahakama Kuu mwaka 2016 na Mahakama ya Rufani mwaka 2019 zilikataa utetezi huo, kwa sababu katiba inampa msichana usawa ambao heshima kwa mila haiwezi kuununua. Nadhani walikuwa sahihi. Ona pia kwamba hakuna hakimu aliyesema dini fulani ni mbaya. Walichouliza ni nani anaumia.

Swali hilo ndilo ningetaka mlipeleke kwenye suala la riba, na hapa namtetea ustadhi. Alichofanya vibaya ni kusoma aya na kukaa. Angeeleza aya inamlinda nani, nadhani nusu ya kikao ingekuwa upande wake, na mama mlokole angekuwa wa kwanza. Maana Kutoka 22:25 inamkataza anayemkopesha maskini asimtoze riba, na Mtaguso wa Tatu wa Laterano mwaka 1179 ulifikia kumnyima mla riba sugu mazishi ya Kikristo. Baadaye Wakristo wengi walitofautisha riba ya kunyonya na faida ya kawaida, Waislamu wengi hawakufanya hivyo, lakini hofu iliyozaa makatazo yote mawili ni moja. Na mtu wa Dar anaihisi hofu hiyo bila kufungua kitabu chochote. Amwone tu jirani aliyeingia mkopo wa kausha damu, friji limechukuliwa, kochi limechukuliwa, na deni bado liko pale pale.

Mtasema kikoba si kausha damu, faida inarudi kwetu wenyewe. Inarudi, ila inarudi kwa nani? Chukulia wanachama wawili tu. Mmoja ana uwezo, kila wiki ananunua hisa tano na hakopi. Mwingine anauza vitumbua, ananunua hisa moja, na kwa mwaka amekopa laki tatu mara tatu kwa asilimia kumi. Ametoa faida ya shilingi 90,000. Siku ya kuvunja kikoba faida inagawanywa kwa hisa: mwenye hisa nyingi anabeba 75,000, muuza vitumbua anarudishiwa 15,000 katika zile 90,000 zake mwenyewe. Hakuna aliyeiba na daftari liko safi, lakini aliyekuwa na dhiki ndiye aliyemneemesha asiye na dhiki. Ukimwonyesha hesabu hii mtu yeyote, awe Mpentekoste, Sunni, Mhindu au kijana wenu asiyeamini chochote, ataelewa ustadhi alikuwa anagusa nini. Aya ya 280 ya Surat Baqara inaongeza kwamba mdaiwa akiwa na shida angojewe mpaka apate wepesi. Je, kikoba chenu kinamngoja mtu, au mnakwenda kumtolea vyombo nje?

Njia za kutengeneza zipo, na hazimtaki mtu abadili dini. Mnaweza kukubaliana kwamba mikopo ya ugonjwa, msiba na ada ya shule itoke mfuko wa jamii bila faida. Mnaweza kugawa sehemu ya faida kwa kuangalia nani ameilipa, badala ya hisa peke yake. Kwa mkopo wa biashara, kikundi kinaweza kukinunua kitu chenyewe, tuseme gunia za mchele au mashine ya kusaga, kikamuuzia mwanachama kwa bei iliyotajwa tangu mwanzo, naye akalipa kidogo kidogo. Benki zenye huduma za Kiislamu hapa mjini, kama Amana iliyoanza mwaka 2011, hutumia miamala ya namna hiyo. Ila masharti yake ni ya kitaalamu, hasa kwamba kitu kiwe mali ya kikundi kabla hakijauzwa, kwa hiyo ustadhi akamuulize sheikh anayejua fiqhi ya biashara, yaani sheria za Kiislamu za biashara, na arudi na maelezo, asirudi na neno "haramu" tupu. Mkibadilisha chochote, kiingizeni kwenye katiba ya kikundi na mpeleke halmashauri mliposajiliwa, maana tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 vikundi kama vyenu vinatambuliwa kisheria na mabadiliko ya mdomo hayatawalinda.

Na wewe kama katibu, mtu akisoma aya kikaoni usimkate. Mwache amalize, kisha mwombe aeleze kwa sauti: inamlinda nani kati yetu, na inatutaka tubadilishe nini kwenye daftari hili? Akijibu, andika jibu lake kwenye muhtasari kama hoja ya mwanachama, ijadiliwe na kupigiwa kura kama hoja nyingine. Asipokuwa na jibu, ajenda iendelee.